Matundu Matatu si Ushahidi

Wiki iliyopita, saa tano usiku, jamaa yangu wa Bukavu alinipigia simu. Tunafanya kazi pamoja katika karakana ya vipuri vya chuma hapa Louisville, Kentucky, na zamu yetu huanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo nilipoona jina lake nikajua kuna msiba. "Kaka," akasema, "nimepata ile mtutu. Nusu inchi, na wanatoa garanti." Alikuwa na dola 700 za marejesho ya kodi, na kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kununua.

Nikamwambia, mdogo wangu, subiri. Hakutaka kusubiri. Nikamwomba wiki moja nimwandikie sababu zangu, kwa kuwa tukibishana kwa mdomo yeye hunishinda kwa sauti. Ndiyo haya. Nayaandika hadharani kwa sababu si yeye peke yake. Kuna vijana wetu wengi huku Marekani walioanza kuwinda, na ugonjwa huu unawapata wote kwa zamu, kama surua.

Kwanza nikuweke sawa wewe msomaji uliyeko Dodoma au Kisumu, ambaye bunduki umeiona mikononi mwa askari na mlinzi wa benki tu. Hapa, kwa sheria ya shirikisho, "bunduki" ni ule mwili wenye namba ya usajili. Huo ndio ukinunua dukani unajaza fomu na kukaguliwa. Mtutu ni kipuri. Unauagiza kwenye intaneti kama unavyoagiza ekzosi ya pikipiki, unaletewa mlangoni, unaufungua sebuleni watoto wakiangalia katuni. Na kama bunduki yako ni ya ule muundo wa Savage 110, uliotoka mwaka 1958, mtutu umeshikwa na nati kubwa ya duara. Mtu mwenye jiliwa, spana yake maalumu na vipimo viwili vya chuma anaweza kuubadilisha mwenyewe mchana mmoja. Kipimo kimoja lazima kiingie komeo likifungwa, cha pili lazima kikatae. Kikiingia cha pili, usifyatue. Ganda la risasi linaweza kupasuka karibu na uso wako.

Kwa hiyo biashara ya mitutu ya kubadilisha ni kubwa, na inauza kwa neno moja: usahihi. Neno hilo linathibitishwa kwa picha moja: kipande cha karatasi, matundu matatu yaliyogusana, na sarafu imewekwa pembeni ili uone jinsi yalivyobanana. Mimi nasema picha hiyo ni uongo. Si kwamba imechezewa kwenye kompyuta. Matundu ni ya kweli, na huo ndio ubaya wake.

Fikiria mwembe. Asubuhi unakuta embe tatu zimeanguka karibu karibu, hatua mbili kutoka kwenye shina. Utasema mwembe huu hudondosha embe ndani ya hatua mbili? Subiri zianguke thelathini, utaokota nyingine kwa jirani. Mtutu ni vilevile. Kila risasi inaangukia mahali pake ndani ya duara ambalo hulioni, na risasi tatu ni chache mno kukuonyesha ukingo wa duara hilo. Hesabu yake inajulikana: kwa mtutu uleule, baruti ileile, mtu yuleyule, upana wa wastani wa kundi la risasi kumi ni kama mara 1.6 ya kundi la risasi tatu. Yaani "inchi moja" ya tangazo ni zaidi ya inchi moja na nusu ya kweli, hata kabla muuzaji hajaanza kuchagua. Na anachagua. Piga makundi ishirini ya risasi tatu kwa mtutu wa kawaida kabisa, na mojawapo litakutoa machozi ya furaha. Hilo ndilo linalopigwa picha. Yale kumi na tisa yanakwenda kwenye pipa la taka, na hakuna aliyesema uongo hata mmoja.

Najua kwa sababu mimi nilinunua.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka juzi. Nilikuwa na bunduki ya mtumba ya .308, mtutu wake wa kiwandani, na nilikuwa nimeshajisomea mpaka nikalewa. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma; nimejifunza kazi hiyo Morogoro, na mtu akiniambia habari za elfu moja ya inchi ananigusa kwenye damu. Nikajua mitutu inavyotobolewa na kuchorwa ile mifereji ya ond inayoizungusha risasi. Kuna ya kukatwa kwa kisu chenye umbo la ndoana, kinachokwangua chuma kidogo sana kila kinapopita, mamia ya mara, mfereji mmoja baada ya mwingine. Kuna ya kitufe, kipande cha kabaidi kinachovutwa mara moja ndani ya tundu na kuikandamiza mifereji yote pamoja kwa muda mfupi, kisha chuma kinapashwa moto kuondoa mkazo. Na kuna ya kugongwa kwa nyundo juu ya kiini kigumu, ufundi uliokuzwa na Wajerumani kwa ajili ya bunduki za rashasha za Vita Kuu ya Pili. Kila aina ina waumini wake, na hubishana kama mashabiki wa Simba na Yanga.

Mimi nikaingia dini ya kukatwa. Mtutu dola 520, spana na vipimo dola 150, usafiri. Jumla dola 700 kasoro kidogo. Ukaja na kadi yenye kundi la nusu inchi. Niliufunga mwenyewe Jumamosi usiku. Sitakudanganya, ilikuwa raha. Kuona ukingo wa mdomo wa mtutu uliokatwa vizuri, bila mkwaruzo hata mmoja, kwangu ni kama mwingine anavyoona hati nzuri ya mkono.

Jumapili nilikwenda uwanja wa shabaha. Risasi tatu kutoka kwenye benchi, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga, yadi 100: inchi 0.6. Nikapiga picha. Nikaweka sarafu pembeni, ndiyo, na mimi. Nikatuma kwenye kundi letu la WhatsApp na watu wakaweka moto na makofi. Nikapiga nyingine nane kurekebisha darubini, nikafunga sanduku, nikarudi nyumbani. Risasi kumi na moja. Sikuwa na hela ya nyingine, maana hela ilikuwa imeshakuwa mtutu.

Novemba tukaingia msituni, mimi na huyuhuyu jamaa, tumevaa vizibao vya rangi ya chungwa kama sheria inavyotaka. Karibu na magharibi kulungu jike alitoka kwenye ukingo wa shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Yadi 170 hivi. Nilikuwa nimeketi chini, viwiko juu ya magoti, mapigo ya moyo nayasikia masikioni. Nilifyatua. Aliruka, akakunja mgongo, akaingia vichakani. Mwindaji yeyote anajua maana ya kukunja mgongo. Risasi imeingia tumboni.

Tulimfuata kwa tochi hadi saa nne usiku. Damu ilikuwa kidogo, nyeusi, imechanganyika na majani aliyokula. Mara mbili tulimsikia mbele yetu akinyanyuka na kusogea, na mara ya pili jamaa yangu akasema taratibu kwamba tumwache alale, tukimsukuma tutampoteza. Tukarudi alfajiri. Koyoti walikuwa wametangulia. Kilichobaki ni mbavu, ngozi, na kichwa, na macho yalikuwa bado yamefunguka. Nyumbani kwa jamaa, mkewe alikuwa ameshaosha masufuria na kuwaambia watu wa kanisa kwamba nyama inakuja.

Nilitaka sana kuulaumu mtutu. Ningekuwa na bahati kama ungekuwa umekosea! Lakini mtutu ulifanya kazi yake: ulipeleka risasi pale nilipouelekeza. Nilikuwa nimeuelekeza tumboni.

Baada ya msimu nilifanya jambo ambalo ningelifanya kwanza. Niliazima siku, nikanunua boksi nne za risasi, nikapiga makundi ya risasi kumi kumi kwa mtutu mpya, nikaufungua, nikaurudisha ule wa zamani, nikapiga tena. Kwenye benchi, mtutu mpya: inchi 1.7. Wa kiwandani: inchi 2.1. Basi. Ile 0.6 haikurudi tena. Kisha nikaondoka kwenye benchi, nikaketi chini kama nilivyoketi siku ile shambani. Kundi la inchi saba na kidogo. Kwa mtutu wowote.

Hapa ndipo nataka jamaa yangu anisome polepole. Makosa haya hayajumlishwi kama michango ya harusi. Yanajumlishwa kwa mraba: unazidisha kila kosa kwa lenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeo. Chukua mwili wangu unaoyumba inchi 7, uchanganye na mtutu wa inchi 2.1: unapata 7.3. Uchanganye na mtutu wa inchi 1.7: unapata 7.2. Tofauti ni sehemu ya kumi ya inchi. Milimita tatu kasoro. Dola 700 zangu zilinunua milimita tatu, katika mnyama ambaye sehemu ya moyo na mapafu yake ina upana wa kama inchi nane. Hela ileile, kwa bei niliyokuwa nanunulia, ilikuwa risasi 500 za mazoezi. Ningepunguza zile inchi saba zikawa nne. Ningejua pia, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba yadi 170 nikiwa nimeketi si umbali wangu, na ningekaa kimya nikamwacha apite.

Ndiyo maana sikubaliani na hoja anayoipenda jamaa yangu, kwamba mtutu bora ni huruma kwa mnyama. Inasikika vizuri. Lakini inahamisha dhamana kutoka kwenye bega langu na kuiweka kwenye chuma, na chuma hakiwezi kuibeba. Kadi ile ya nusu inchi ilinifanya nijione nimeshafanya mazoezi.

Hoja yake ya pili ni ya utani nusu: babu zetu waliwinda kwa gobori, kwa hiyo hata inchi mbili ni anasa. Hapana, na huko tusiende. Gobori la mafundi wa vijijini, mtutu wake bomba la maji au kipande cha chuma cha gari, ndani ni laini hakuna mfereji, na ni rahisi kujeruhi mnyama bila kumuua. Sisemi kifaa si kitu. Nasema kifaa kina mpaka ambao ukishauvuka unabaki wewe, na bunduki nyingi za kiwandani za siku hizi zimeuvuka mpaka huo kabla hujatoka nazo dukani.

Waingereza walikutana na swali hili zamani. Mwaka 1857 Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester, alishindanisha bunduki yake na ile ya jeshi, Enfield. Tundu la mtutu wake lilikuwa la pembe sita, jembamba, na liliizungusha risasi mzunguko mmoja kila inchi 20. La Enfield lilihitaji inchi 78. Kwa umbali mrefu Whitworth alishinda vibaya sana. Jeshi halikuichukua. Ilikuwa ghali, na tundu lake jembamba liliziba haraka kwa masizi ya baruti ya wakati ule. Lakini jeshi hilohilo, miaka minne kabla, lilikuwa limefungua shule ya ulengaji huko Hythe, ambako askari wa kawaida alifundishwa kukadiria umbali na kufyatua. Kila nikisoma habari za mashindano yale watu husifu pembe sita. Mimi hukaa nikiiwaza ile shule.

Sasa niseme haki. Kuna wakati mtutu mpya ndiyo dawa. Kama koo la mtutu, pale risasi inapoanzia safari, limeliwa na moto wa baruti, hakuna mazoezi yatakayolirudisha. Wanaoshindana kwa maelfu ya risasi kwa mwaka hubadilisha mitutu kama dereva wa lori anavyobadilisha matairi, na kwao ile 0.4 ni nafasi ya kwanza au ya tano. Na kuna suala la mzunguko, ambalo si la ushabiki hata kidogo. Risasi ndefu huhitaji kuzungushwa haraka, la sivyo inapinduka hewani. Greenhill alishaandika kanuni yake mwaka 1879. Jeshi la Marekani lilianza na M16 yenye mzunguko mmoja kila inchi 14, likakuta kwenye hewa ya baridi risasi haitulii, likaenda 12. Na lilipoleta risasi ndefu zaidi, likaenda 7. Ukiwa na mtutu wa mzunguko wa polepole na risasi ndefu, hapo usinunue mazoezi. Nunua mtutu, au badilisha risasi, ambayo ni rahisi zaidi.

Hata ukiwa na sababu, mdogo wangu, usinunue kwa kadi. Muulize muuzaji kundi la risasi kumi, la wastani, si la bahati. Akikujibu kwa kukutajia bingwa aliyetumia mtutu wake, funga ukurasa. Uliza nani alikata chemba na rima yake ilikuwa imetumika kiasi gani, maana mimi nimeshaona kwenye mashine yangu mwenyewe chuma cha bei kubwa kikiharibiwa na rima butu ndani ya dakika moja. Mtutu wa wastani wenye chemba iliyonyooka na mdomo uliokatwa vizuri utamshinda mtutu wa kifahari uliofungwa upande. Kuhusu chuma, kile kisichoshika kutu au cha kawaida, kwa mtu anayepiga risasi arobaini kwa mwaka ni suala la mvua na mafuta tu. Safisha, kausha, basi.

Na kabla ya hayo yote, jaribu aina tatu za risasi katika mtutu ulionao. Hili halina picha ya kupendeza ndiyo maana hakuna anayelitangaza. Mtutu wangu wa kiwandani, ule wa inchi 2.1, nilipoupa risasi za uzito mwingine za dola mbili zaidi kwa boksi, ulinipa inchi 1.6 kwa kundi la kumi. Ukaupita wa dola 700. Nikabadilisha risasi za mtutu mpya vilevile, ukashuka kidogo nao, tukarudi kwenye tofauti ambayo mimi nikiwa nimeketi chini siwezi kuiona hata kwa darubini.

Jamaa amesoma rasimu ya haya. Amekasirika kidogo kuhusu ile sehemu ya masufuria, anasema mkewe atajua. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: kwa nini basi mtutu ule bado uko kwenye bunduki yangu? Ni kweli, uko. Ule wa kiwandani umelala kabatini ndani ya soksi. Nilimjibu kwamba nati yake inasumbua kufungua. Akacheka, maana ananijua; nati ile naifungua kwa dakika kumi. Ukweli ni kwamba ni mtutu mzuri kuutazama, na nimeulipia kwa hela ambayo mdogo wangu wa Morogoro aliisubiri kama ada, akaambiwa asubiri muhula wa pili. Kuutoa ni kukubali mbele ya kila mtu.

Ukurasa wake bado uko wazi, ameniambia. Ameweka mtutu kwenye kikapu, hajalipa. Tumekubaliana Jumamosi hii twende uwanjani na boksi tatu na mtutu wake wa sasa, apige kumi kwenye benchi na thelathini akiwa ameketi chini, na apime mwenyewe kwa vernia yangu. Hakuna kupiga picha mpaka tundu la arobaini.